Mbweha Hajaitikiwa

Jana usiku niliota runinga yetu ya zamani imekuja kubisha hodi. Ilikuwa imesimama barazani kwa miguu yake minne ya mbao, na kichwani imevaa kitambaa chake cha kufuma, kilekile alichokifuma mama. Vimilango vyake viwili vya kutelezesha vilikuwa vimefungwa, na hodi ilitokea nyuma ya hivyo vimilango.

"Karibu," nikasema.

"Miguu," ikasema.

Nikaonyesha miguu.

"Imeoshwa?"

"Nilioga kabla ya kulala."

"Sijauliza kuoga."

Hapo nikaitambua bila shaka yoyote, kwa sababu ilisema vilevile alivyokuwa akisema baba.

Nieleze kidogo, maana asiyekulia mtaani kwetu ataona nimechanganyikiwa. Runinga ile ilikuwa ya baba yangu, Mzee Mbwana Semkiwa, mtunza stoo wa shamba moja la mkonge, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa runinga pekee katika mtaa wetu pale Muheza. Jumamosi jioni watoto wote wa mtaa walikuja kutazama kipindi cha watoto, na kiingilio kilikuwa miguu misafi na salamu. Unasugua miguu kwenye karai pale ngazini, unaingia, unasema, "Shikamoo mzee," baba anasema, "Marahaba," ndipo unakaa mkekani. Aliyesahau kuamkia alirudishwa ngazini akaanze upya, hata kama katuni imeshaanza. Mimi, Sauda, binti yake wa kumzaa, nilirudishwa mara nyingi kuliko wote.

Kipindi chenyewe kiliendeshwa na mama mmoja mnene, mpole, aliyejiita Shangazi Tausi. Kwanza alisoma salamu, mtoto fulani anamsalimu bibi yake wa Pangani na wote wanaomfahamu, halafu ndiyo inakuja katuni. Katuni zilikuwa za Kiingereza. Baba aliweka kiti chake pembeni ya runinga, akakunja nne, akatutafsiria.

"Anasema," baba alianza kila mara, kisha akatuambia mhusika anasema nini. Wahusika wote walisema kwa sauti ya baba. Samaki, mamba, bibi kizee mwenye mwavuli, wote sauti moja, na hatukuona kasoro.

Mama hakupata bahati ya kutazama. Antena yetu ilikuwa juu ya mlingoti wa mwanzi uliofungwa kwenye mchungwa uani, na ule mlingoti ulikuwa hautulii mpaka ushikwe. Sisi tulikuwa wafupi, baba ndiye mtafsiri, kwa hiyo mama akaushika. "Imekuja?" alikuwa akiuliza kutoka uani. "Bado, chenga!" tunampigia kelele, maana kioo kimejaa vidoto vyeupe na vyeusi. Anazungusha kidogo. "Je, sasa?" Picha ikitulia, mama anabaki hapohapo na mlingoti wake mpaka kipindi kiishe. Katuni aliisikia tu, kupitia dirishani.

Katuni yetu kubwa ilikuwa ya mbweha anayemfukuza kobe mwenye magurudumu. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alikuwa mbweha, huenda alikuwa mbwa mwenye masikio makubwa. Baba alisema mbweha, basi akawa mbweha. Sasa baba hakuweza kuvumilia kijana kama yule amrukie kobe mtu mzima bila kumwamkia. Katika tafsiri yake, kabla ya kila mbio, mbweha alisimama wima akasema, "Shikamoo Mzee Kobe." Kobe akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo? Haya, nikimbize." Ndipo vumbi linatimka, baruti zinalipuka, mbweha anaangukiwa na jiwe anakuwa bapa kama chapati, na baba anasema, "Kobe anasema, pole na kazi."

Nilipofika kidato cha pili nilikwenda kwa rafiki yangu Tanga mjini, nikaikuta katuni ileile inaonyeshwa. Kiingereza nilikuwa nimeshakijua cha kutosha. Nikasikiliza kwa makini. Hakuna aliyemwamkia mtu. Ilikuwa kuguna na kupiga mayowe mwanzo mpaka mwisho, mtoto anamvamia mzee wa watu kama hana kwao. Nilikasirika sana, na wala si kwa baba, nilimkasirikia mbweha. Nikaaga kabla haijaisha. Nyumbani sikusema kitu.

Jumamosi ya mwisho ya runinga yetu ilikuwa hivi. Mbweha alikimbia hadi ukingoni mwa genge, akapitiliza, akabaki amesimama hewani. Ng'ambo ya pili kobe ametulia anamngoja. Sote pale mkekani tulijua sheria ya katuni, kwamba mtu aliyesimama hewani haanguki mpaka atazame chini. Baba akasema, "Anasema, shikamoo Mzee Kobe." Umeme ukakatika.

Uliporudi, runinga iliwaka sauti bila picha, halafu ikawa haiwaki kabisa. Fundi akaibeba kwa mkokoteni na haikurudi. Tulimsumbua baba atuambie kobe alijibu nini na mbweha akawaje. Baba akasema yeye ni mtafsiri tu, hawezi kusema ambalo halijasemwa.

Haya ni ya zamani. Jipya ni kwamba tangu masika baba ameshikwa na kiharusi. Mkono umerudi, mguu unarudi, sauti imegoma. Nimechukua likizo kazini Dodoma, nimekuja kumsaidia mama. Kila asubuhi naingia chumbani mwake na kusema, "Shikamoo baba." Ananitazama, midomo inatikisika, halafu inatulia. Daktari ametuambia tuendelee kumsemesha, ila ametuambia pia kwamba kadiri siku zinavyokwenda ndivyo matumaini yanavyopungua. Mtu aliyewarudisha ngazini watoto wa mtaa mzima kwa sababu ya salamu, leo haitikii ya binti yake. Nikitoka humo chumbani huwa nakwenda kulia chooni, nanawa uso, kisha nakwenda kuchemsha uji.

Sasa turudi ndotoni, runinga isije ikachoka kusimama.

Naosha miguu. Karai liko palepale ngazini na maji ni ya uvuguvugu. Runinga nayo inachovya miguu yake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka yoyote. Ina miguu minne, kwa hiyo tunachukua muda.

"Umekuja kufanya nini?" nauliza.

"Kipindi hakijaisha," inasema.

"Kipindi gani?"

"Kile."

Inaingia sebuleni, inakwenda kusimama mahali pake pa zamani, inafungua vimilango. Ndani amekaa Shangazi Tausi. Amezeeka vizuri, nywele nyeupe, miwani ya kusomea, na pembeni yake chupa ya chai. Mezani hakuna hata salamu moja iliyobaki.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa yule mtafsiri?"

"Ndiye mimi."

"Tulimpenda sana pale stesheni. Wenzake wote walitafsiri yaliyokuwepo." Anakunywa chai funda moja. "Mwanangu, mimi nimechoka. Nilimwambia mume wangu nitarudi kabla ya chakula cha usiku, na sijarudi mpaka leo."

"Kwa nini hufungi kipindi?"

"Nitakifungaje? Kipindi hiki ni cha salamu. Hakifungwi mpaka kila salamu iitikiwe. Zote zimeitikiwa, imebaki moja."

Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Niliuliza tu kwa adabu.

"Ya mbweha," anasema Shangazi. "Pita ndani umwone. Nyanyua gauni lako, kioo nimekifuta leo asubuhi."

Nauliza njia ni ipi. Runinga inasema njia ni ileile ya siku zote, nimwombe mama.

Mama yuko uani, kama kawaida yake. Ameushika mlingoti wa antena kwa mikono miwili, kanga kajifunga kiunoni, na machungwa yamekomaa juu ya kichwa chake.

"Imekuja?" anauliza.

"Bado, mama! Chenga!"

Mama anazungusha, na sebule inazunguka pamoja na mlingoti. Inageuka kidogo, inakuwa foleni ya hospitali. Tumeketi kwenye benchi, mimi, runinga, na mwanamume mmoja mwenye kichwa kilichopasuka katikati kama yai, kifaranga kinachungulia.

"Nani anafuata?" muuguzi anauliza.

"Sisi tunapita tu," nasema.

"Kila mtu husema hivyo," anasema muuguzi, na anaandika dawa ya kifaranga.

"Je, sasa?" mama anauliza kutoka uani.

"Bado kidogo! Rudisha kulia!"

Mama anarudisha kulia. Hospitali inajaa chenga, nyeusi na nyeupe, na kwa karibu zinawasha shingoni na kupiga kelele kama kitu kinakaangwa. Natembea ndani yake, zinanifika magotini. Runinga iko nyuma yangu na inalalamika kwamba vyumba vyake vya ndani vimeachwa bila kufagiwa.

Halafu chenga zinakwisha, na mbele yangu kuna genge.

Genge ni la kuchorwa. Ukilitazama ubavuni halina unene. Upande huu nimesimama mimi, ng'ambo amesimama kobe na magurudumu yake yameota kutu. Katikati, hewani, yupo mbweha. Ni wa kijivu mwili mzima, kama alivyokuwa kwetu siku zote. Mgongo umenyooka, mikono imeunganishwa mbele kwa heshima, macho yanatazama moja kwa moja mbele.

"Nani huyo?" anauliza bila kugeuka.

Sauti ilikuwa ya baba. Ilikuwa sauti yake yenyewe, nzito, na ule mkwaruzo mdogo wa mtu aliyevuta tumbaku zamani akaacha. Sikuwa nimeisikia tangu masika. Nikalia palepale, waziwazi, mbele ya runinga.

"Nani analia?" mbweha anauliza.

"Ni mimi, Sauda."

"Wa Mzee Mbwana?"

"Ndiyo. Hiyo sauti ni ya baba."

"Najua kuwa ni yake," mbweha anasema. "Aliniazima niamkie. Umeme ukakatika nikiwa nayo mdomoni. Sasa ningemrudishiaje, na mimi siwezi kusogea?"

"Baba aliendelea kusema miaka mingi baada ya hapo."

"Alikuwa akitumia akiba," mbweha anasema. "Ilipofika masika ikaisha."

Niliona maelezo hayo yanatosha. Ukiwa ndotoni unaridhika upesi.

"Kwa nini huendi mbele?" nauliza.

"Nipite kwa mzee bila kuitikiwa? Unanionaje?"

"Na kobe mbona hakuitikii?"

"Ataitikia kwa sauti gani? Sote tunatumia moja, na ninayo mimi."

Kobe ng'ambo anafungua mdomo, haitoki kitu, anaufunga. Anainua mabega kuonyesha kwamba si kiburi.

Wazo likanijia, na kwa wakati ule niliona ni wazo zuri. Nikajitengeneza, nikamwambia mbweha, "Marahaba."

Mbweha akashuka chini kiasi cha kiganja.

"We mtoto!" akafoka, na ilikuwa kabisa sauti ya baba siku nilizosahau karai. "Mimi nimechorwa kabla mama yako hajaolewa, unaniitikia marahaba? Kwenu ndivyo mnavyofunzwa?"

"Nisamehe mzee."

"Anza upya."

Nikarudi nyuma hadi kwenye chenga, nikaja upya. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema mbweha.

Lile neno likatoka mdomoni mwake likakaa hewani. Katuni ndivyo zilivyo, kinachosemwa huwa kinaonekana. Lilikuwa la mviringo, limevimba kidogo, lina joto kama andazi lililotoka kwenye karai la mafuta sasa hivi. Nilikuwa nimelitafuta kila asubuhi kwa muda wote huu, na sasa linaelea mbele ya pua yangu.

Mbweha akalitazama. Akafungua mdomo kusema kitu kingine, hakikutoka. Akajishika koo. Nikaelewa kwamba sauti yote ilikuwa humo, na ametoa aliyokuwa nayo. Alinionyesha kwa kidole, lile neno, kisha kule nilikotoka. Lipeleke kwa mwenyewe.

"Na wewe?" nikamuuliza.

Akainua masikio yake makubwa, akayakunja, akajifunika nayo macho asije akatazama chini.

Mimi nilitazama. Chini kabisa kulikuwa na stendi ya Muheza, wauza machungwa wamejaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari.

"Nipe kitambaa chako," nikaiambia runinga.

"Nitarudishiwa?"

"Utarudishiwa."

"Fundi naye alisema nitarudishwa," ikasema, lakini ikainamisha kichwa nikakivua. Nikalifunga neno ndani ya kitambaa, likawa linapumua mikononi mwangu.

"Mama! Zungusha!"

"Upande gani?"

"Chumbani kwa baba!"

Mama anazungusha kwa nguvu, anapitiliza. Tunatokea sebuleni kwa yule rafiki yangu wa Tanga mjini. Katuni ileile inaonyeshwa pale ukutani, mbweha wa kule ana rangi ya machungwa, anamvamia kobe bila hata ya samahani. Ananiona, ananitolea ulimi. Nataka kumwambia maneno, runinga inanivuta gauni.

"Watazamaji wapenzi," Shangazi Tausi anatangaza kutoka ndani, "mafundi wanatuarifu kwamba umeme umeanza kucheza. Aliye na salamu ya mwisho afanye hima."

Taa zinafifia, zinawaka, zinafifia.

"Mama, rudisha! Kidogo tu!"

"Mlingoti umekuwa mzito," mama anasema uani. "Mikono inaniuma."

"Kidogo tu, mama!"

Mama anavuta pumzi, anarudisha. Tuko chumbani kwa baba.

Baba ameketi kwenye kiti chake cha zamani, kile cha utafsiri, pembeni ya kitanda. Amekunja nne, jambo ambalo tangu masika hajaliweza. Ananiangalia usoni, anaangalia kitambaa, halafu macho yanashuka kwenye miguu yangu. Chenga zimenijaa mpaka magotini.

Ananyoosha kidole kuelekea ngazini.

"Baba, hakuna muda. Mbweha yuko hewani."

Kidole kimenyooka vilevile.

"Baba, umeme unakatika!"

Kidole hakitikisiki. Nilimjua baba yangu, angeacha mtaa mzima uungue kuliko aingize mtu mwenye miguu michafu. Nikaikabidhi runinga kile kitambaa. Ikakibana kwa vimilango vyake. Nikakimbia ngazini nikasugua miguu, na chenga ni kitu kibishi, haziondoki kwa maji matupu. Nilisugua kwa jiwe. Kichwani mwangu nilikuwa namwona mbweha ameanza kuinua sikio moja.

Nikarudi. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

Baba akafungua mdomo, kama anavyoufungua ninapomlisha uji. Nikafungua kitambaa nikamwekea neno lake mdomoni. Akafunga mdomo, akaanza kutafuna.

Baba hajawahi kumeza kitu bila kukitafuna sawasawa. Anatafuna, ananitazama, anatafuna. Taa zimebaki wekundu wa makaa. Shangazi Tausi amesimama, ameshika mkoba wake tayari kwa safari. Runinga imekishika kitambaa chake, inangoja kukivaa. Ndani ya kioo, kwa mbali, mbweha ameinua sikio moja, jicho moja liko wazi, na lile jicho linaanza kuteremka.

"Imekuja?" mama anauliza uani, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

Nafungua mdomo nimwambie bado. Baba ananiinulia kidole ninyamaze. Anameza.

Umeme ukakatika.

Niliamka. Umeme ulikuwa umekatika kweli, feni imesimama na neti imenigandama mkononi. Kulikuwa kumepambazuka. Uani mama anafagia, fagio lake linakwenda taratibu kama kila siku. Nililala vile nikiwaza kwamba sasa nitaamka, nitaingia kwa baba, nitasema shikamoo, ataniangalia, nami nitakwenda chooni kulia.

Ndipo nikasikia, kupitia ukutani, kutoka chumbani mwake.

"Marahaba."

Ilikuwa sauti nyembamba, imekauka, na kila herufi imetolewa kwa kazi. Halafu ikaja tena.

"Pita, mwanangu."

Fagio likanyamaza. Nikasikia kandambili za mama zinakuja mbio, na mama hajakimbia tangu nimjue. Akasimama mlangoni kwangu, fagio mkononi, anahema.

"Umeshamwamkia baba yako?"

"Bado. Ndiyo naamka."

"Na mimi niko uani." Akatazama mlango wa chumba cha baba, akanitazama mimi. "Sasa kamwitikia nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ilikuwa asubuhi mno kwa uongo.

"Mbweha," nikasema.

Nilidhani atanigusa paji la uso aone kama nina homa. Hakunigusa. Alisimama pale, akalishika lile fagio kwa mikono miwili, mkono mmoja juu na mmoja chini, wima kabisa, akakaza vidole.

"Maskini," akasema. "Kumbe alikuwa bado juu."

Nikainuka, nikaketi kitandani.

"Mimi nilisikia anaamkia," mama akasema. "Sikusikia akiitikiwa. Ninyi mlitoka mkaenda kucheza, mimi nikabaki nimeushika ule mlingoti mpaka giza likaingia, nikisema labda umeme utarudi."

Akafuta macho kwa pindo la kanga, akaliegemeza fagio ukutani.

"Haya, nenda kamwamkie baba yako," akasema. "Ila pitia kwenye karai kwanza, asije akakurudisha."